Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari

Hakuna kijiji katika Unguja na Pemba kisichokuwa na mtu wake nje ya Visiwa hivi. Wako walioondoka baada ya Mapinduzi ya 1964; wako waliokwenda Oman baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwezi wa Julai 1970, nchi ile ilipokuwa ikiwahitaji walimu, makarani na mafundi; wako mabaharia walioshuka katika bandari za Ulaya wasirudi tena melini; na wako vijana waliofuata masomo na kazi katika miaka ya tisini na hii ya karibuni. Leo ukimtajia mzee wa Wete au wa Makunduchi majina ya Muscat, Dubai, Mombasa, London au Toronto, humtajii miji ya kigeni, bali unamtajia anwani za wanawe.

Hatukukusudia hapa kuwahukumu walioondoka, wala kuwasifu waliobaki. Tumekusudia kusema juu ya siku moja tu, nayo ni siku ambayo mmoja wao, wa hapa au wa huko, anafariki dunia na kuacha mali katika nchi mbili au tatu. Matanga ya maiti huyo huanuliwa kwa siku tatu, lakini mirathi yake huweza kuchukua miaka kumi, na mara nyingine hurithiwa ugomvi wenyewe badala ya mali.

Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya ndani ya nyumba za watu, na kwamba gazeti na Serikali hayawahusu. Sisi hatukubaliani nao. Nyumba isiyogawiwa haitengenezwi, kwa sababu kila mrithi humngoja mwenzake atoe pesa kwanza. Katika Mji Mkongwe, uliotiwa katika orodha ya Turathi za Dunia mwaka 2000, nyumba za mawe na chokaa zenye dari za boriti haziwezi kustahamili masika mengi bila ya kuzibwa. Na wahenga wamesema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Shamba la mikarafuu lisilogawiwa halitiwi miche mipya. Mjane asiyejua fungu lake hawezi kukodisha wala kukopa. Yatima ambaye pesa zake zimelala katika benki ya ugenini huacha skuli kwa kukosa nauli. Haya yote ni hasara ya jamii nzima, na kwa hivyo ni wajibu wa jamii nzima kuyazungumza.

SHERIA IKO, LAKINI HAITOSHI PEKE YAKE

Wananchi walio wengi wa Visiwa hivi ni Waislamu, na mirathi yao hugawiwa kwa sheria ya dini yao mbele ya Mahakama ya Kadhi, ambayo hivi sasa inaongozwa na Sheria Namba 9 ya 2017. Wasiokuwa Waislamu wana njia yao katika mahakama za kawaida. Kadhalika iko Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, ambayo asili yake ni tume ya wakf iliyoundwa tangu mwaka 1905, nayo ina dhamana juu ya wakf na juu ya mirathi.

Misingi ya faraidhi inajulikana na kila aliyekaa chuoni. Katika mali ya marehemu hutolewa kwanza gharama za maziko, kisha hulipwa madeni, kisha hutekelezwa wasia usiozidi thuluthi moja, na kinachobakia ndicho wanachogawana warithi. Mume hupata nusu ikiwa mkewe hakuacha mtoto, na robo ikiwa ameacha. Mke hupata robo ikiwa mumewe hakuacha mtoto, na thumni ikiwa ameacha; na wakiwa wake wawili au zaidi, hushirikiana katika fungu hilo hilo. Mama hupata sudusi pakiwapo watoto. Watoto hugawana kilichobakia, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja.

Kwa kuwa hesabu hii ni ya wazi, watu wengi hujiona wamesalimika. Husema, "Mungu ameshagawa, mimi niandike nini tena?" Hapo ndipo panapoanzia kosa. Sheria imegawa mafungu, lakini sheria haikumwambia mtu yeyote kwamba marehemu alikuwa na akiba katika benki ya London, kiwanja Mombasa na deni Muscat. Hayo aliyajua yeye peke yake, na akafa nayo. Wazee wetu waliliona jambo hili zamani waliposema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

HESABU YA NYUMBA MOJA

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtu amekufa akaacha nyumba moja mjini Unguja, na warithi wake ni mke, mama yake mzazi, watoto wanaume wawili na binti mmoja. Nyumba hiyo kwa hesabu ya faraidhi hugawika sehemu 120: mke sehemu 15, mama sehemu 20, kila mtoto mwanamume sehemu 34, na binti sehemu 17. Watu watano, na lau wangalikaa kitako baada ya matanga, kazi ingalikwisha kwa wiki moja, ama kwa kuuza na kugawana, ama kwa mmoja kuwalipa wenzake, ama kwa kukodisha na kugawana kodi.

Lakini hawakukaa. Mtoto mkubwa yuko Oman, wa pili yuko Uingereza, na kila mmoja anasema tusubiri likizo. Katika kusubiri huko, binti anafariki, naye ameacha mume, mama yake, mtoto mwanamume na mtoto mwanamke. Sasa zile sehemu zake 17 nazo hazina budi kugawiwa, na nyumba ile ile inakuwa na sehemu 4,320. Katika hizo, mume wa marehemu binti ana sehemu 153, mama ana sehemu 102 juu ya zile za kwanza, mtoto mwanamume ana 238 na mtoto mwanamke ana 119. Kutoka watu watano sasa wako saba, na mmoja wao, huyo mume, si wa ukoo ule, huenda ameoa mke mwengine, na huenda anakaa nchi nyengine kabisa.

Wataalamu wa faraidhi huliita jambo hili munasakha, yaani mirathi kuzaliana juu ya mirathi. Kila mwaka unaopita bila ya kugawa ni mlango wa kifo kingine, na kila kifo huongeza saini ambazo lazima zipatikane kabla ya mlango mmoja kubadilishwa bawaba. Baada ya vizazi vitatu, nyumba ya vyumba sita huwa na wenyewe arubaini, na hakuna hata mmoja mwenye fungu la kutosha kumpa moyo wa kununua mfuko wa chokaa. Nyumba haikuangushwa na mvua peke yake. Ilianza kuangushwa na ile "tusubiri likizo".

Na pale ambapo mrithi mmoja hajulikani aliko, kama yule baharia aliyeandika barua ya mwisho miaka ishirini iliyopita, fungu lake halipotei wala wenziwe hawaruhusiwi kulila. Huwekwa amana mpaka ijulikane kuwa yu hai, au mahakama ihukumu kuwa amekufa. Jamaa wanaoficha jina la ndugu yao mbele ya Kadhi ili kufupisha shughuli hawafupishi kitu. Wanapanda mbegu ya kesi itakayowatoa watoto wao katika nyumba.

KILA NCHI NA SHERIA YAKE

Jambo la pili ambalo ndugu zetu wengi hawalijui ni kwamba mtu akifa na mali katika nchi nyingi, aghlabu hakuna sheria moja inayotawala mali yote hiyo. Kanuni inayofuatwa katika nchi nyingi zilizorithi sheria za Kiingereza ni kwamba ardhi na nyumba hufuata sheria ya mahali zilipo, na mali ya kuchukulika, kama pesa, hufuata sheria ya maskani ya marehemu. Na hati ya usimamizi wa mirathi iliyotolewa na mahakama ya hapa haitoshi kuifungua benki ya huko mpaka mahakama ya huko nayo iikubali.

Tutazame Uingereza, ambako wako Wazanzibari wengi. Katika England na Wales, mtu asiyeacha wasia, mali yake hugawiwa na sheria ya nchi. Kwa kiwango kinachotumika tangu Julai 2023, mke au mume huchukua kwanza paundi 322,000 pamoja na vitu vya nyumbani, kisha nusu ya kinachobakia. Nusu nyengine hugawiwa watoto, wanaume na wanawake sawa kwa sawa. Mama wa marehemu aliyeko Chake Chake, ambaye kwa sheria yetu ana sudusi, hapati hata senti moja maadamu mwanawe ameacha mke na watoto. Asiyeridhika na mgawanyo huo ana dawa moja, nayo ni kuandika wasia akiwa hai, kwani sheria ya huko inampa mtu nafasi kubwa ya kuamua mali yake iende wapi. Kwa hivyo Muislamu wa London anayesema kuwa haandiki wasia kwa sababu mirathi imeshagawiwa na Qur'ani, kwa kweli anaiacha mali yake igawiwe na sheria iliyotungwa Westminster.

Liko jambo zito zaidi, nalo ni la ndoa. Nikahi iliyofungwa Zanzibar kwa taratibu za hapa ni ndoa inayotambulikana. Lakini nikahi iliyofungwa katika nyumba au msikiti wa huko, bila ya kuandikishwa kiserikali, haihesabiwi kuwa ni ndoa. Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilisisitiza hayo mwaka 2020. Mwanamke aliyeishi na mumewe miaka kumi na tano kwa nikahi ya namna hiyo, siku ya msiba huambiwa kuwa hakuwa mke. Anaweza kupeleka madai mahakamani ya kuomba matunzo katika mali iliyoachwa, lakini hayo ni madai ya kugombania, si haki ya kukabidhiwa. Wazazi wanaooza mabinti zao Ulaya wanapaswa kuiulizia karatasi ya serikali kama wanavyoulizia mahari.

Kadhalika kuna kodi. Uingereza hutoza asilimia 40 juu ya mali ya marehemu inayozidi paundi 325,000, ingawa kinachokwenda kwa mke au mume kwa kawaida husamehewa, na nyumba inayokwenda kwa watoto huweza kuongezewa kiwango cha msamaha. Tangu tarehe 6 Aprili 2025, mtu aliyekuwa mkaazi wa huko kwa miaka 10 katika 20 iliyopita huhesabiwa mali yake yote ya dunia nzima. Maana yake ni kwamba shamba la Konde na nyumba ya Michenzani huingia katika hesabu ya mtoza kodi wa London. Ndugu zetu wa huko wasidhani kuwa bahari inaficha.

Nchini Oman mambo ni mepesi kwa upande mmoja, kwa sababu Sheria ya Hali za Watu ya mwaka 1997 inafuata mafungu ya Kiislamu, na wasia hauzidi thuluthi ila kwa ridhaa ya warithi. Uzito uko katika kuthibitisha nani ni nani. Mtu aliyezaliwa hapa akiandikwa Ally Saidi, kule huitwa Ali bin Said pamoja na nisba ya kabila lake, na nduguye aliyeko Ulaya ameandikwa jina la babu kuwa ndilo la ukoo. Ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, lakini katika karatasi ni watu watatu wasiojuana. Hakimu hahukumu kwa kufanana sura. Anahukumu kwa hati.

Kenya nayo ina Mahakama za Kadhi zilizotajwa katika Katiba yake ya 2010, kwa Waislamu wanaokubali mamlaka yake. Lakini Katiba hiyo hiyo inasema kuwa asiyekuwa raia hawezi kumiliki ardhi ila kwa ukodishaji usiozidi miaka 99. Mpemba anayerithi nyumba ya mjomba wake Mombasa ni mgeni kisheria, hata kama anaijua mitaa ya Mji wa Kale kuliko mwenyeji. Wenye jamaa Ngazija wanajua vilevile kwamba kule iko ada ya manyahuli, ambayo kwayo nyumba na ardhi ya ukoo hupita kwa wanawake na haigawiwi vipande. Na Mngazija wa Unguja anayekwenda kudai fungu kwa hesabu ya faraidhi peke yake atakuta shangazi zake wanamngoja mlangoni.

Na katika nchi nyingi za Umoja wa Ulaya, kwa kanuni inayotumika tangu Agosti 2015, sheria ya mahali alipokuwa akiishi marehemu ndiyo inayotawala mirathi yake yote, ila ikiwa yeye mwenyewe alichagua katika wasia wake sheria ya nchi ya uraia wake. Denmark na Ireland hazimo katika kanuni hiyo. Chaguo hilo ni la bure, lakini aliyekufa hawezi kulifanya.

JINA LA NDUGU

Sasa tugeukie jambo linalovunja udugu kuliko yote. Ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma, na kwa Sheria ya 1992 haki ya kuitumia ni ya Mzanzibari, nayo ni haki inayorithika. Tanzania haikubali mtu mzima awe raia wa nchi mbili. Aliyechukua uraia wa Canada au Uingereza amejitoa katika uraia wa hapa. Suala la hadhi maalum kwa watu wenye asili ya nchi hii limekuwa likishughulikiwa na Serikali katika miaka ya karibuni, na kila anayehusika anapaswa kuuliza masharti yake katika afisi zenyewe, si barazani.

Lakini wengi hawaulizi. Wanatuma pesa, na ndugu aliyeko hapa ananunua kiwanja kwa jina lake mwenyewe. Nyumba inapanda, inaezekwa, inatiwa vigae, na wote wawili wanajua ni ya nani. Madamu wote wawili wako hai, hapana taabu. Kisha yule wa hapa anafariki. Mjane wake na watoto wake wanafungua karatasi na kulikuta jina la marehemu. Hawakuiba, wanarithi kile ambacho hati inasema ni cha baba yao. Yule wa ng'ambo anarudi mbio na stakabadhi za kutumia pesa, lakini stakabadhi ya pesa si hati ya nyumba. Tangu siku hiyo watoto wa ndugu wawili hawasalimiani msikitini.

Tena wako wanaotegemea hati ya uwakala. Tunataka wasomaji wetu walishike neno hili: uwakala hufa pamoja na aliyeutoa. Karatasi iliyomruhusu kaka kukodisha nyumba ya dada yake aliyeko Dubai haina nguvu tena tokea saa aliyokufa dada huyo, na kila anachokipokea kaka baada ya hapo ni amana ya warithi wake.

Vivyo hivyo hiba. Mzee anasema mbele ya watu, "Nyumba hii nimempa binti yangu," lakini kodi anaendelea kuipokea yeye na funguo ziko mfukoni mwake mpaka anakufa. Hiba haitimii bila ya kukabidhi. Nyumba hiyo itaingia katika mirathi, na binti atabaki na maneno. Na anayegawa mali yake akiwa katika maradhi ya mauti, hukumu ya alichokitoa ni ya wasia, wala si ya hiba.

HAYA INAYODHULUMU

Kwa nini watu wenye akili na elimu hawayapangi mambo haya? Jibu ni haya. Kwetu sisi, mtoto anayemwuliza baba yake juu ya mali huambiwa anamchuria, kama kwamba anamtakia kifo. Baba naye hasemi, kwa kuchelea kuwagombanisha. Kwa hivyo wote hunyamaza kwa heshima, na heshima hiyo huja kuwadhulumu walio dhaifu.

Na anayedhulumiwa kwanza ni mwanamke. Dada aliyebaki na wazazi, akawauguza na kuwazika, huambiwa na kaka zake kwa simu kutoka nchi mbalimbali, "Wewe samehe tu, nyumba ni ya ukoo." Husamehe bila ya kujua anasamehe kitu gani. Tunasema wazi kwamba kusamehe huja baada ya kujua, si kabla. Kwanza fungu lake litajwe, liandikwe, akabidhiwe. Akitaka kumpa kaka yake baada ya hapo, hiyo ni hiari yake. Mafungu hayo ni faradhi kama faradhi nyengine, na wanaume wanaoyakumbuka pale tu yanapowapa sehemu mbili hawaifuati sheria, bali wanaifuata faida yao.

Dini haikuamrisha haya ya namna hiyo. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ile inayofundisha kuandika madeni na kuweka mashahidi. Na Mtume amewahimiza wenye kitu cha kuusia wasilale bila ya wasia wao kuwa umeandikwa. Watu walioamrishwa kuandika deni la mwezi mmoja hawana udhuru wa kutoandika nyumba ya miaka hamsini.

YA KUFANYA

Tunawashauri wananchi mambo matano. Kwanza, kila mwenye mali aweke daftari, aandike ndani yake kila alichonacho, kiko nchi gani, kimeandikwa kwa jina la nani, na nani anamdai au anadaiwa. Nakala moja iwe kwa mtu anayeaminika hapa, na nyengine huko aliko. Pili, aandike wasia katika kila nchi yenye mali yake kwa namna inayokubaliwa na sheria ya nchi hiyo, na ahakikishe kuwa wasia wa pili haufuti wa kwanza kwa neno moja la kutojua. Tatu, majina katika vyeti vya kuzaliwa, ndoa na pasi za watu wa nyumba moja yasawazishwe wahusika wakiwa hai. Nne, mwenye watoto wadogo amtaje wasii atakayewalea na kutunza mali zao. Tano, mtu akifa, warithi wafungue mirathi upesi. Ikiwa hawataki kuuza nyumba ya wazee, basi waandikiane mafungu, wamteue msimamizi mmoja, na kodi igawiwe kila mwaka kwa hesabu inayoonekana. Wenye mashamba wakumbuke kuwa kwa desturi yetu miti inaweza kuwa ya mmoja na ardhi ya mwengine, na wenye eka tatu zilizogawiwa tangu 1965 wayasome masharti ya hati zao kabla ya kuahidiana.

Kwa upande wa Serikali, nasi tunasema bila ya kuficha. Mwananchi anayekuja kwa likizo ya wiki tatu, akaambiwa aende kwa Sheha, kisha Mahakama ya Kadhi, kisha Kamisheni ya Wakf, kisha Kamisheni ya Ardhi, na kila afisi ikamtaka alete karatasi ya afisi nyengine, atarudi alikotoka na shughuli haikuanza. Maafisa wasimlaumu kwa kutofungua mirathi ikiwa mlango wa kuifungulia una kufuli nne. Ingefaa afisi hizo zikubaliane juu ya orodha moja ya karatasi zinazohitajika, iandikwe kwa Kiswahili kilicho wazi, ibandikwe katika kila shehia na kila ubalozi wetu. Ingefaa balozi zetu za Muscat, Abu Dhabi, London na Nairobi ziwe na mtu anayeweza kumthibitisha mrithi na saini yake bila ya kumlazimisha kupanda ndege. Ingefaa Serikali izungumze na nchi rafiki, na hasa zile zinazofuata mafungu yale yale, ili hati ya warithi iliyotolewa na Kadhi wa hapa isianzwe upya huko. Na Sheha, ambaye anazijua nyumba za shehia yake, apewe wajibu wa kuandika jina la nyumba inayokaa bila ya msimamizi tangu mwenyewe afe, ili Kamisheni iwaite warithi kabla ya ukuta kuanguka juu ya wapita njia.

Tunajua kuwa wako wanaofaidika na hali ilivyo sasa. Yuko ndugu anayepokea kodi peke yake na kusema kuwa wenziwe wa ng'ambo wana uwezo. Yuko dalali anayenunua fungu la mrithi mmoja mwenye njaa, kisha akawatoa wengine wote. Wahenga wametuambia kuwa ndugu wakigombana tuchukue jembe tukalime, na wakipatana tuchukue kikapu tukavune. Dalali huyo yeye huvuna pale wanapogombana. Hao ndio wanaoomba usiku na mchana kwamba daftari lisifunguliwe.

Likizo zijazo watu watarudi kutoka kila pembe. Watakaa sebuleni, watakula, watacheka, watapiga picha na wazee. Tunaomba katika siku hizo itengwe jioni moja, baada ya sala ya alasiri, mzee akae katikati na wanawe wote wanaume na wanawake, walio mbali wasikilizwe kwa simu, na mmoja ashike kalamu. Haitakuwa kumchuria mzee. Itakuwa ni kumwondolea mzigo ambao ameubeba peke yake miaka mingi, na kuwaachia wajukuu udugu, ambao hauna fungu katika faraidhi na haununuliwi katika nchi yoyote.